Chai ya Mfalme Imekatwa

Falkenruh, Ujerumani
4 Februari 2024

Kwa Shangazi Nyambeki,

Salamu nyingi kutoka kwa baridi. Mimi ni mzima, ni vidole tu vinavyolalamika. Wewe je? Goti limetulia? Ng'ombe amezaa? Dada yangu Nyanchama aliniambia biashara yake ya viazi huko Chepseon inasonga, na kwamba umemkatalia katakata kukununulia simu mpya tangu yako ilipokufa. Haya. Ulisema kwenye simu mimi hujibu "niko sawa, Shangazi" halafu nakata, lakini kwenye barua mtu analazimika kujaza ukurasa. Basi leo najaza.

Uliniambia umetangaza kanisani kwamba mimi ni mtu wa ikulu, watu wakakuuliza ikulu gani. Jibu ni hili. Falkenruh ni jumba la wafalme wa zamani. Wafalme wenyewe waliisha kitambo, na siku hizi watu hulipa kiingilio waje kutembea kwenye bustani. Mimi ni mwanafunzi wa kazi katika bustani hiyo.

Mfalme wa kwanza, Ludolf, alianza na kinamasi. Akaleta watu wakachimba mitaro, wakamwaga udongo, wakapanda miti kwa mistari iliyonyooka kabisa. Lakini mke wa mwanawe, Malkia Sidonie, alichukia mistari. Alisema inamkumbusha jeshi. Mumewe alipokwenda vitani, akang'oa nusu ya miti, akatengeneza vilima, vijito na njia za kupotezana. Mfalme aliporudi hakujua mlango wake uko wapi. Ndiyo maana hadi leo bustani ni nusu imenyooka na nusu imepinda. Ni ugomvi wa mke na mume, Shangazi, na hakuna aliyeshinda.

Kuna majengo pia. Kuna Kibanda cha Chai, cha mviringo, chenye sanamu za Wachina za rangi ya dhahabu wakinywa chai. Fundi hakuwa amemwona Mchina hata mmoja, kwa hiyo alichonga majirani zake akawawekea masharubu marefu. Kuna magofu. Sasa hapa usicheke. Mfalme wa tatu aliona wenzake wana magofu ya kale na yeye hana, akaajiri fundi amjengee magofu mapya. Ukuta ulijengwa ukiwa tayari umebomoka.

Na kuna Nyumba ya Machungwa, yote ni vioo, ambako miti ya nchi za joto hulala wakati wa baridi. Humo ndani kuna mti wa chai! Wa Malkia Sidonie mwenyewe, aliletewa mbegu kwa meli. Una zaidi ya miaka mia mbili, urefu wake mita sita, unagusa vioo vya juu, na unatoa maua meupe. Mkuu wa bustani, Bi. Brandt, alisikia natoka kwa chai akanikabidhi mimi. Alisema, "Osoro, huu sasa ni wako." Wiki ijayo anakwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, atakuwa nje wiki kadhaa. Mwezi wa sita kamati ya bustani itaamua kama wataniajiri au mkataba uishe nirudi nyumbani. Niombee.

Mwanao,
Osoro


Boito
27 Februari 2024

Kwako baba yangu Osoro,

Usijivune. Nakuita baba kwa sababu ulipewa jina la baba yangu, si kwa sababu una akili zake.

Barua ilifika. Mokaya wa kanisani ndiye aliyeitoa kwenye sanduku huko Litein, akaipitisha kwa mikono ya watu wengi kabla ya kunipa, wote wakitaka kuona stempu. Mimi ni mzima. Goti ni goti. Ng'ombe amezaa dume tena, anajua tu kunikasirisha. Nyanchama alikuja Jumapili na gunia la viazi. Amenona vizuri, na ukimwambia nimesema hivyo nitakana.

Barua nimeisoma kwa sauti jikoni, mimi na Chepkorir, yule jirani yangu wa upande wa mto tunayechuma naye. Tulipofika kwa magofu akaniambia rudia. Nikarudia. Kwani mtu na akili zake alimlipa fundi ajenge nyumba iliyobomoka? Si angekuja tu Boito nimwonyeshe choo changu cha zamani bila kiingilio?

Na kwa kuwa tunapeana historia, chukua ya ikulu yangu. Jengo la kwanza lilikuwa la udongo, zama za marehemu mume wangu, tulipotoka kwa nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa tukanunua hiki kipande chetu. Likaangushwa na mvua. La pili ni hili la mabati. Jikoni ilijengwa mbali na nyumba kwa sababu ya moshi, halafu ikasogezwa karibu kwa sababu ya mvua, na sasa iko pale katikati ambapo tunapata moshi na mvua vyote viwili. Bustani ya maua ni moja, ya mlangoni, na mbuzi ndiye mkuu wa bustani.

Sasa nije kwa neno lenyewe. Baba, huo mti wa chai ni aibu. Wewe umelelewa kwenye chai tangu darasa la tatu. Unajua mtu akiacha chai yake iwe miti watu husema nini. Wanauliza kama boma hilo lina mgonjwa, au mlevi, au kama watu wamegombania urithi hadi wakasahau shamba. Mita sita! Na maua juu! Na wewe unapita hapo kila asubuhi umevaa sare ya ikulu, huoni haya?

Mtu akikwambia mti ni wako, ni wako. Kata. Kata chini ya goti, na mkato ulale upande mmoja ili maji yasikae. Acha tawi moja limesimama mti upate kupumua, hilo usisahau hata ukisahau jina lako. Huyo mama akirudi na nyonga mpya atakuta chai imekaa kama ya watu.

Chepkorir anakusalimu. Anasema ulete maji ya dhahabu ya kupaka magofu yetu.

Shangazi yako,
Nyambeki


Falkenruh
17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenifikia Ijumaa na nimecheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Mimi ni mzima, baridi imeanza kupungua. Nyanchama nilimpigia, nikamwambia amenona. Ujitetee mwenyewe.

Nimekata!

Ulikuwa umeniuma, nakwambia ukweli. Maneno yale ya mlevi na urithi yalinikaa. Jumamosi nikaingia Nyumba ya Machungwa na msumeno, maana shina ni nene kama paja la mtu mzima, panga lisingeweza. Nikakata chini ya goti, mkato umelala, tawi moja limesimama. Nikatoa matawi yote nje na mkokoteni, nikafagia. Kulivyokuwa na mwanga mle ndani! Nilitamani uone.

Wenzangu wa kazi walikuja wakasimama mlangoni. Mmoja akavua kofia. Nadhani huku ndivyo wanavyoheshimu kazi nzuri.

Bi. Brandt anarudi kesho. Siwezi kungoja kuona uso wake.

Mwanao mwenye furaha,
Osoro


Boito
19 Machi 2024

Baba, baba, baba,

Sitaki hata kukusalimu vizuri. Niko mzima, wote wazima, soma chini.

KAMA HUJAKATA, USIKATE.

Leo tukiwa kituoni kwa majani, tunangoja gari la kiwanda, nimewaambia kina mama kwamba kijana wangu anapogoa chai ya mfalme. Nilikuwa najisifu. Chepkorir akaniuliza, "Nyambeki, hiyo chai wanachuma?" Nikasema sijui, nadhani wanaiangalia tu. Akasema, "Basi si shamba hilo. Ni kama yule fahali wa maonyesho ya kilimo wa Kericho, amefungwa utepe shingoni. Sasa wewe umemtuma mtoto amchinje kwa sababu amenenepa."

Wameniangulia kicheko kituo kizima, hata yule wa mizani.

Usiguse huo mti. Kama msumeno uko mkononi, weka chini. Ningepiga, lakini simu ya Chepkorir haifiki ng'ambo na Nyanchama hapokei. Uniandikie haraka.

Nyambeki


Falkenruh
21 Aprili 2024

Kwa Shangazi,

Natumaini mvua imeshika na majani yanakwenda. Mimi niko sawa. Nyanchama amenitumia picha ya ndama, ni mzuri kweli kwa dume.

Leo nikueleze kuhusu Pango la Makombe. Ni chumba chini ya kilima cha Malkia Sidonie, na kuta zake zote zimebandikwa makombe ya baharini, maelfu na maelfu, yamepangwa kama maua. Sakafuni kuna jiwe moja lililolegea. Mfalme alikuwa akikaribisha wageni, anasimama pembeni kwa adabu, halafu analikanyaga jiwe hilo na maji yanaruka kutoka ukutani yanawalowesha wote, mabibi na maaskofu. Wageni walilazimika kucheka kwa sababu ni mfalme. Wanasema balozi mmoja alikuja mara ya pili amevaa ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, isiyopitisha maji.

Pia kuna ghala la barafu, shimo refu lenye paa la nyasi. Walikata barafu bwawani wakati wa baridi wakaiweka humo, na mwezi wa saba mfalme anakula vitu baridi huku wakulima wake wakitoka jasho.

Bwawa lenyewe naliona sana siku hizi kwa sababu nimehamishiwa huko. Natoa majani yaliyooza kwa wavu. Ni kazi nzuri, ina hewa. Nyumba ya Machungwa sijaingia hivi karibuni, kuna mambo wanapanga panga.

Bata ni wengi sana hapa.

Mwanao,
Osoro


Boito
12 Mei 2024

Kwako Osoro,

Salamu. Mvua imeshika, tunachuma hadi vidole vinaota sugu. Pasta mpya amekuja, anahubiri mrefu. Nyanchama ananinunia, na ni wewe umesababisha.

Nimesoma barua yako kwanza peke yangu, kisha na Chepkorir, kisha peke yangu tena. Kuna makombe. Kuna balozi. Kuna barafu, kuna bata. Mti haumo. Ile barua yako ya "Nimekata!" ilinifikia yangu ikiwa imeshaondoka, na tangu hapo sijui huyo mama alisema nini. Mimi nilikuandikia kwa herufi kubwa kama mtu anayepiga kelele ng'ambo ya mto, na wewe unanijibu kuhusu bata.

Nimekulea mimi. Ulipovunja chungu changu cha wimbi ulikaa siku nzima ukinieleza habari za kuku. Uliongea kuhusu kuku hadi nikajua.

Niambie mti umefikia wapi. Na kwa nini mtu aliyepewa chai sasa anavua majani bwawani.

Ni mimi,
Shangazi


Falkenruh
2 Juni 2024

Shangazi yangu,

Sina salamu nyingi leo, nisamehe. Mwili ni mzima.

Barua yako ya herufi kubwa ilifika nikiwa nimeshakata. Siku ile Bi. Brandt alirudi na fimbo yake, akafungua mlango wa vioo, akauliza, "Mti uko wapi?" Nikamwonyesha. Nilikuwa bado natabasamu, jamani. Akakaa kwenye mkokoteni wangu. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimeambiwa. Wakati wa vita kuu, baridi ilikuwa kali na makaa yaliisha. Miti yote ya machungwa ikafa. Mtunza bustani mmoja, jina lake Anton, akaingia kwenye jumba tupu, akang'oa milango ya wafalme, ile yenye rangi ya dhahabu, akaipasua kuni mlango mmoja mmoja, akauotesha moto mti wa chai hadi jua lilipotoka. Ndiyo sababu kwenye jumba vyumba vingi havina milango. Nilikuwa nikipita kwenye vyumba hivyo kila siku na sikuwahi kuuliza.

Yeye aliuokoa kwa milango ya dhahabu, na mimi nikaukata Jumamosi moja nikipiga mluzi.

Gazeti la mji liliandika. Picha yangu haikuwekwa, picha ya kisiki ndiyo iliwekwa. Watu huja kukiangalia wakitikisa vichwa. Kamati ilitaka niondoke mara moja. Bi. Brandt ndiye aliyewaomba wangoje hadi mwisho wa Agosti. Mti ukichipua, watazungumza. Usipochipua, mkataba umeisha na kibali cha kukaa kimeisha, narudi. Hadi leo ni kisiki tu, na lile tawi moja.

Juzi akaja bwawani akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuacha tawi. Nikasema shangazi yangu. Akasema, "Hapa hakuna aliyewahi kukata chai. Tunajua kuitazama tu. Muulize shangazi yako kinachofuata." Na mimi sijui kinachofuata, Shangazi. Nyumbani nilikuwa wa kuchuma, kukata ilikuwa kazi yako. Nakumbuka tu baada ya kukata ulikuwa unatufukuza shambani. Wanaumwagilia maji kila asubuhi na jioni kwa woga.

Sikukuambia mapema kwa sababu nilijua utasema ni kosa lako. Si kosa lako. Mkono ulikuwa wangu. Kila Jumatatu Bi. Brandt ananiuliza kama umejibu. Nijibu upesi.

Osoro


Boito
14 Julai 2024

Kwako baba yangu,

Tuko wazima. Baridi ya mwezi huu ni kali, asubuhi ukungu hautoki hadi watoto wanarudi kula. Chepkorir anakusalimu, na safari hii hacheki.

Barua yako ilinifikia mwezi wa sita, wala si jana. Kinachofuata nilikijua kabla sijamaliza kuisoma. Nikaikunja nikaiweka chini ya mto, nikalala nayo, siku zikapita. Chepkorir akaniuliza umejibu, nikasema kalamu imekauka. Akaleta kalamu. Nikasema macho yanauma.

Ukweli ni kwamba nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisoma "narudi" na moyo wangu ukaruka. Nikasema mti usipochipua kijana wangu atarudi, atakuwa hapa jioni akiniambia habari za kuku. Nikaanza hata kufagia kile chumba chako. Nilibadilisha shuka! Nimekaa hapa nikiombea kisiki cha watu kife.

Halafu Sabato iliyopita nikasikia hiyo habari ya Anton kichwani wakati wa mahubiri. Mtu alichoma milango ya mfalme kwa ajili ya chai ambayo si yake. Mimi hata stempu nimeshindwa kununua. Nikatoka kanisani katikati ya maombi.

Sasa shika. Kwanza, acheni kuumwagilia hivyo. Mti uliokatwa hauna majani, utayapeleka wapi maji? Mtauozesha mizizi. Mara moja kwa wiki, kidogo. Pili, ufunikeni. Sisi hufunika kisiki kwa matawi yake mwenyewe ili jua lisichome gome, na nyinyi mmeyatupa. Leteni matawi mengine makavu, yoyote, myalaze juu, maana kioo kinachoma kuliko jua la wazi. Tatu, lile tawi msiliguse hadi machipukizi yafike urefu wa kiganja. Nne, hapana mbolea, mtu aliyetoka hospitali hapewi nyama choma. Na mwisho, tokeni humo! Nilikuwa nawafukuza shambani kwa sababu mlikuwa mnakanyaga na kupekua pekua macho ya mti. Acheni ulale.

Haya mengine ni ya Bi. Brandt, umsomee kama yalivyo:

"Mama Brandt, salamu, na pole kwa nyonga. Mti umekatwa na mkono wa Osoro lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilidhani ni shamba lililotelekezwa. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, nifukuze mimi, na kwa kuwa tayari niko nyumbani kwangu itakuwa rahisi. Mtoto ni mzuri. Ukimwambia kitu ni chake, anakitunza, hata kama anakitunza vibaya. Ni mimi Nyambeki, mkulima."

Nimemlipa kijana wa bodaboda aipeleke Litein leo leo, asije akanisubirisha nikabadilisha nia.

Nyambeki


Falkenruh
29 Septemba 2024

Shangazi! Shangazi!

Mimi ni mzima, mzima kabisa! Nyanchama atakuwa amekwisha kukudokeza kwa simu ya Chepkorir, lakini nilimkataza asimalize utamu.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Agosti. Bi. Brandt aliniambia nimsomee yote, na nilipofika kwa nyama choma akacheka hadi akashika nyonga. Siku hiyo hiyo tukafunika kisiki kwa matawi makavu, maji tukapunguza, na akaandika karatasi mlangoni kwamba hakuna kuingia, "kwa amri ya Bi. Nyambeki". Nilirudi bwawani. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Siku tatu kabla ya kamati kukaa nilimsikia akiniita kutoka mbali, mtu ambaye hajawahi kuinua sauti. Nikakimbia na wavu mkononi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, na nyonga ile, ameinua matawi kidogo. Gome lote limejaa vijicho vyekundu! Kote, Shangazi, hadi chini kwenye shina. Tulikumbatiana, nikamlowesha kwa maji ya bwawa kama yule mfalme.

Kamati ilikuja kuona. Mzee mmoja, aliyekuwa mkali kuliko wote, aliinama akaangalia kwa miwani, akasema mti ule haujawahi kuonekana na machipukizi mengi hivyo tangu yeye ni mtoto, na kwamba hata hivyo nisiguse mti mwingine wowote bila karatasi yenye sahihi. Nimekubali. Wameniajiri. Kazi ya kudumu.

Machipukizi ya kwanza yaliyozidi tuliyachuma, nikayasokota kwa mikono na kuyakausha. Kikombe kimoja tukakinywa watu watano kwenye Kibanda cha Chai, chini ya wale Wachina wenye masharubu. Bi. Brandt anasema tangu kijengwe hakuna chai ya bustani yenyewe iliyowahi kunywewa humo. Nimekuwekea kidogo kwenye bahasha hii.

Kuhusu kukaa na barua yangu: mimi nilikuwa bwawani nikifunga begi la kurudi nyumbani akilini kila siku, na kila nikilifunga nilikuwa nafurahi kidogo. Kwa hiyo tuko sawa.

Kuna jambo moja zaidi. Kibao cha zamani kilisema tu "Mti wa chai wa Malkia Sidonie". Wameweka kipya. Nakuandikia kwa Kiswahili kinavyosema: "Mti wa chai. Ulipandwa na Malkia Sidonie. Uliokolewa na Anton, mtunza bustani, kwa milango ya jumba hili. Ulikatwa na kufufuliwa kwa maagizo ya Nyambeki, mkulima wa chai, Boito, Kenya." Mimi sijatajwa. Nimecheka sana.

Mwanao,
Osoro


Boito
27 Oktoba 2024

Kwako baba yangu Osoro,

Tuko wazima wote. Nyanchama amefungua kibanda cha pili Chepseon, tumepatana.

Bahasha imefika ikinukia. Mimi ni Msabato, chai nalima tangu ujana wangu na siinywi, unajua vizuri. Nimeonja kijiko kimoja. Pasta hajaambiwa na Chepkorir ameapa. Ni chungu kidogo, umesokota haraka, lakini ni chai.

Kile kibao nilimwomba Mokaya akisome mbele ya kanisa, akakisoma mara mbili kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Watu walipiga makofi hadi pasta akafupisha mahubiri. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani kwako, kwenye ile shuka niliyobadilisha, nikalia kidogo. Malkia, halafu mtu wa milango, halafu mimi. Mwambie Bi. Brandt aliandike jina langu kubwa, wageni wengine hawaoni vizuri.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia barua nyingine, ya kukuomba uje Desemba usirudi tena huko. Ilikuwa tamu, ungekuja. Nimewashia moto wa jikoni.

Sikiliza. Njoo Desemba. Nitachinja kuku, utalala kwenye kitanda chako, utaniambia habari za bata hadi nichoke. Halafu utafunga begi lako, nitakusindikiza hadi barabarani, na utarudi nyumbani kwako.

Shangazi yako,
Nyambeki, wa Boito na Falkenruh